Sindano ya Miezi Tisa

Watu wakisikia kwamba mwanangu alikaribia mwaka mzima bila kuchomwa sindano ya surua, huwa wananiangalia kama mshamba. Sikuwa mshamba. Nilikuwa nimefika kidato cha sita, na nyumbani Muheza ni mimi niliyewabeba wadogo zangu mgongoni kuwapeleka kliniki mama alipokuwa shambani. Chanjo nilikuwa naijua na nilikuwa naitaka. Kilichonifunga ni jambo moja ambalo sikuweza kulitamka mbele ya mtu, na ambalo bila kulitamka hakuna mtu angeweza kunisaidia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa anasomea uhandisi chuo kikuu pale Durban, nami nilimfuata na mtoto mchanga. Tulipanga chumba na sebule ghorofa ya sita, Albert Park, kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Wapangaji wengi walikuwa Wakongo. Mlango uliopakana na wetu alikaa mama mmoja wa Bukavu aliyesuka nywele saluni, na yeye ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza katika nchi ile. Mume wangu alitoka asubuhi na kurudi jioni. Mimi nilibaki na mtoto, dirisha moja, na jengo jingine mbele ya dirisha.

Kwa sababu ya safari, sindano ya tatu ya mtoto ilichelewa. Alichomwa kliniki ya mjini akiwa na miezi kama sita, akalia, akanyamaza, tukarudi zetu. Mchana uleule nilikuwa nimekaa mkekani nachagua mchele, yeye kalala pembeni yangu, mwili wa moto. Nikasikia kimya. Mwenye mtoto anajua, kimya kingine kinakugeuza shingo. Nikageuka. Macho yake yalikuwa yamepanda juu, meno hana lakini taya zimekaza, mkono mmoja unapiga, unapiga, kama unagonga mlango.

Kwetu ugonjwa huo hautajwi. Ukiutaja umeuita. Wanawake husema "ile ya watoto", au husema kwa macho tu. Na tunaambiwa tangu tuko wadogo: ikimshika mtoto, mfunike kaniki, usimpeleke kwenye sindano, maana ikikutana na sindano inaondoka na roho. Sasa kaniki ningeitoa wapi Durban? Nikavuta suruali nyeusi ya mume wangu, ile ya kanisani, nikamfunika nayo mtoto mzima mzima, nikakaa pale pembeni yake. Ikapita. Akalegea, akalala. Jioni mume wangu akaniuliza kwa nini suruali yake imelowa. Nikamwambia mtoto ameikojolea, na kweli alikuwa ameikojolea. Nikamwambia pia kwamba alipata homa kali. Zaidi ya hapo mdomo ulikataa.

Yeye ni mtu wa Moshi, mtoto wa mwinjilisti. Hayo mambo ya kwetu aliyaita ushirikina na kufunga mjadala.

Jumapili nilimpigia mama. Alikuwa akija ofisi ya parokia baada ya ibada kusubiri simu yangu, nami nilipiga kutoka kibanda cha simu pale chini ya jengo letu, foleni ya Wakongo nyuma yangu. Nikamwambia, "Mama, mtoto alishikwa na ile ya watoto."

Kisha akauliza, "Baada ya sindano?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hachomwi tena. Umenisikia? Mtoto huyo hachomwi tena."

Sikumuuliza kwa nini. Mimi ni wa pili kuzaliwa kwa mama. Wa kwanza alikufa kabla hajatembea, ana kaburi dogo nyuma ya jiko letu lenye mawe meupe kuzunguka, na habari zake nyumbani ni sentensi moja tu: alichomwa sindano, akafa. Hakuna aliyeongeza neno, na hakuna aliyeuliza. Tulifagia kuzunguka yale mawe, basi. Kwa hiyo mama aliposema hachomwi, nilisikia na lile kaburi likisema. Nikatafuta uzi mweusi kwenye kikapu cha jirani yangu msusi, nikamfunga mtoto kifundo cha mguu wa kushoto kama mama alivyoniagiza, nikamvalisha soksi juu yake ili baba yake asione. Joto la Durban la Desemba, mtoto wangu anavaa soksi.

Miezi tisa ikafika, na sindano ya surua. Nilienda kliniki kumpima uzito kwa sababu kupima uzito hakuna sindano. Sista akasema, leo ni surua. Nikasema ana mafua. Mwezi uliofuata nikasema anaharisha. Niliporudi tena, sista, mama wa Kizulu mnene aliyechoka tangu asubuhi, akaweka kalamu chini. "Mama, mtoto huyu kila siku anaumwa siku ya sindano tu? Unaogopa nini?"

Aliniuliza kwa sauti, mbele ya benchi zima la wanawake. Nilitaka kumwambia. Mungu wangu anajua nilitaka. Lakini kulitaja jambo lile pale, mtoto mwenyewe kakaa mapajani mwangu ananisikiliza, na watoto wa watu wamejaa, ilikuwa sawa na kufungua mlango na kuliita liingie. Nikasema, "Naogopa homa."

"Hhayi, mama. Watoto wote wanapata homa."

Akaniambia kama sitaki achomwe nisirudi kumsumbua. Simlaumu. Alijibu swali nililompa. Nilishuka barabarani na mtoto mgongoni, hasira zimenijaa na sijui nizielekeze kwa nani.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kuegemea. Mume wangu aliiona kadi ina nafasi tupu, akaanza. Alinipigia hesabu za kihandisi, kwamba hatari ya hiki ni ndogo kuliko hatari ya kile. Nikamwambia mwanangu si daraja. Akasema, "Wewe mwanamke umesoma bure." Tukalala tumepeana migongo. Alikuwa ananisukuma huku, mama ananivuta kule kwa waya wa simu, na mimi mwenyewe sikuwa upande wowote. Nilikuwa katikati, nimekamatika, na aliyekuwa mikononi mwangu ni mtoto.

Ndipo surua ikaingia jengoni.

Nilisikia kikohozi kwanza, kupitia ukuta. Mtoto wa rafiki yangu wa Bukavu, binti wa miaka mitatu aliyezoea kuja kwetu kula ugali na mwanangu, alilala macho mekundu, hataki mwanga. Kisha vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikashuka. Rafiki yangu alinisimulia akiwa amesimama mlangoni kwangu, mtoto wake kamshikilia begani. Nikarudi nyuma hatua. Aliona nilivyorudi nyuma.

Kuanzia siku hiyo nilijifungia. Nililowesha taulo nikaliziba chini ya mlango, kana kwamba surua ni moshi. Dirisha nalifungua, nalifunga, sijui upepo unaleta au unaondoa. Sikushuka sokoni, sikwenda kanisani, nguo nilianika bafuni. Nilimgusa mtoto paji la uso mpaka akawa anaupiga mkono wangu. Rafiki yangu aligonga mara kadhaa, na mimi nilisimama nyuma ya mlango nimemziba mtoto mdomo kwa kiganja asije akacheka. Kila nikiwaza kumkimbiza kliniki akachomwe, naliona kaburi la nyuma ya jiko. Nikiwaza kutomchoma, nasikia kile kikohozi. Nilihisi kama chumba kinanibana, na kuna siku nilikaa sakafuni bafuni katikati ya nguo mbichi nikalia kwa hasira tupu.

Siku moja jirani hakugonga. Aliongea tu, mdomo karibu na kitasa.

"Mama mutoto, najua uko humo. Usifungue. Yangu anapona, lakini sikio linatoka usaha. Sikiliza. Iko docteur mumoja ya batoto kule Umbilo Road, ukipita robot ya pili, ile taa ya barabara, juu ya duka ya bitambaa. Ule mama hagombezaka mutu. Anasikilizaka. Peleka mutoto yako."

Nikasikia ndala zake zikiondoka. Mwanamke niliyemfungia mlango.

Nilimwambia mume wangu jioni ile kwamba nitakwenda, ila na yeye aje. Nadhani alifikiri ameshinda. Kesho yake tulipanda ngazi za duka la vitambaa, yeye mbele na kadi mfukoni, mimi nyuma na mtoto.

Daktari alikuwa mama wa Kihindi wa palepale Durban, mwenye mvi, kavaa raba, kikombe cha chai kimepoa mezani. Aliniita "mummy", kama alivyowaita wanawake wote waliokuwa kwenye foleni, naye mume wangu akaitwa "daddy". Mume wangu akaanza kueleza: sindano imechelewa, jengoni kuna surua, mke wangu anaogopa homa. Daktari alimsikiliza huku anamvua mtoto nguo ampime. Akavua soksi. Akauona uzi.

Mume wangu naye akauona. Nikamwona anavuta pumzi aseme.

Daktari akamtangulia. "Bibi yangu alinifunga hivi," akasema. "Mguu wa kulia lakini. Huu ni wa nini, mummy?"

Hakuucheka na hakuukata. Aliusogeza juu kidogo kwa kidole apate kutazama mguu, akaurudisha mahali pake. Nikafungua mdomo, neno likagoma palepale linapogomaga. Machozi yakatoka badala yake. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba kwetu halisemwi.

"Basi usiseme," akasema. "Nionyeshe."

Nikampa mume wangu mtoto. Nikalala chini, kwenye zulia la daktari, na gauni langu la kanisani. Nikapandisha macho. Nikakaza taya. Nikaufanya mkono wangu upige sakafu, upige, upige, kama ulivyopiga ule mkono mdogo, na nikaendelea mpaka pale ulipoacha. Kisha nikalegea, nikabaki nimelala naangalia dari, naona aibu kuinuka.

Aliyeniinua ni mume wangu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Hii ndiyo homa uliyoniambia?" akauliza kwa Kiswahili. "Siku ile ya suruali?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Daktari akauliza ilichukua muda gani. Nikamwambia mrefu kuliko kuzaa. Akatabasamu kidogo, akasema basi labda dakika mbili. Akaitaja hali ile kwa jina lake la Kiingereza, akaeleza taratibu, kalamu mezani. Alisema kilicholeta ile hali ni joto la homa kwenye kichwa cha mtoto mdogo. Watoto wengi huipata, na wengi sana hukua wakaisahau. Hakusema nimekosea. Alisema jambo moja ambalo ndilo lililonigeuza: "Mummy, surua yenyewe inaleta homa kubwa kuliko sindano yoyote niliyo nayo hapa. Ukimficha sindano, hujamficha kile unachokiogopa."

Nikamuuliza kama ananiahidi kwamba haitarudi.

"Siahidi," akasema. "Inaweza kurudi. Na homa ya sindano hii haiji leo, inakuja baada ya wiki hivi, kwa hiyo usilale ukidhani imepita. Ikirudi, mlaze ubavu, kichwa kishuke kidogo, mate yatoke. Usimshike, usimtie kitu mdomoni. Ikizidi dakika tano, mlete, au mpeleke hospitali iliyo karibu." Akanionyesha kwa mwanasesere aliyekuwa kwenye kapu la michezo, kisha akanipa nimlaze mimi. Nilimlaza chali kwanza. Akamgeuza bila kusema, akanirudishia. Akanifanyisha mpaka mikono ikazoea.

Kisha akatuambia tukakae nje tuamue, hafungi mpaka jioni. Tukakaa kwenye benchi, harufu ya vitambaa vipya inapanda ngazi kutoka chini. Nilingoja mume wangu aanze hesabu zake. Akasema, "Mimi sisemi tena. Wewe ndiye uliyeiona. Sema wewe."

Miezi yote nilikuwa nataka watu waache kunisukuma. Walipoacha, hofu ilizidi. Sasa akifa, ni mimi. Akipata surua akapofuka, ni mimi vilevile. Sikuwa na njia ya tatu na nilikuwa nimeitafuta kweli. Nilimtazama mtoto anavyotafuna kamba ya begi. Nikainuka nikaingia ndani, nikamshika mwenyewe mkono achomwe.

Wiki ile sitaki kuirudia. Niliishi na mtoto kama mtu aliyebeba sufuria la maziwa limejaa pomoni. Mume wangu alikosa vipindi, akakaa nyumbani akisoma kwa sauti bila kuelewa anachosoma. Kisha mtihani ukamwita, akaenda, na bila shaka ndio mchana iliouchagua ile ya watoto. Mtoto aliamka wa moto. Nikampa dawa ya homa, nikampangusa kwa kitambaa cha maji. Nikageuka kuchukua kikombe, na kile kimya kikaja.

Mikono yangu ilimlaza ubavu kabla kichwa changu hakijafika. Kichwa kidogo kikashuka, povu likatoka pembeni ya mdomo, likadondokea mkekani. Sikumshika. Kutomshika ndiko kulikonitesa zaidi. Nilikalia viganja vyangu. Na nikasikia sauti yangu inapiga kelele kuelekea mlangoni, "Degedege! Mwanangu ana degedege!" Kwa neno lake kamili, jengo zima lisikie.

Rafiki yangu wa Bukavu aliingia ana rangi ya nywele vidoleni. Hakukumbusha kitu chochote kuhusu mlango. Alikaa chini karibu yangu, akatazama saa ya ukutani kwa niaba yangu, maana mimi sikuweza kuondoa macho kwa mtoto. Akasema, "Bado. Bado. Bado." Kisha mkono ukaacha kupiga. Mtoto akavuta pumzi ndefu ya kukoroma, akalia. Nililia naye. Jirani akasema haikufika hata dakika tatu.

Daktari alimwona jioni ileile, akampima, akasema yuko sawa. Na alikuwa sawa. Siku chache baadaye alikuwa anapanda kiti.

Jumapili nikasimama tena kwenye kibanda cha simu. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Nilijua mama angesema nilikuambia, na nilikuwa na majibu, mengine makali mno kwa mtu kumpa mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto?"

"Mzima. Mama, nilimchoma ile ya surua." Nikasikia kwaya inafanya mazoezi nyuma yake, mbali. Nikaendelea kabla sijaogopa. "Na degedege ilirudi. Imepita. Ni mzima."

Nilingoja. Nilitaka agombe, nilikuwa tayari kabisa. Aliuliza tu, taratibu, "Ulifanyaje?"

"Nilimlaza ubavu, mama. Daktari alinifundisha. Kichwa kishuke kidogo, mate yatoke, asipaliwe. Na mtu haruhusiwi kumshika."

"Ubavu," akasema.

"Ndiyo, mama."

Mtu wa nyuma yangu kwenye foleni akagonga kioo kunihimiza. Nikamwonyesha kiganja asubiri. Kwaya kule nyumbani ilimaliza ubeti, ikarudia.

"Mimi wangu, yule wa kwanza, nilimlaza chali," mama akasema. "Nikamfunika kaniki, nikamkandamiza mikono na miguu asijitupe. Sindano walimchoma baadaye, hospitali. Alikuwa ameshapoa mwili, hapumui."

Majibu yote niliyoyaandaa yalikuwa ya mtu mwingine. Nikasema mama, mama, basi. Halafu, kwa sauti yake ileile ya kila Jumapili, akaniuliza kama mtoto ameshaota meno ya juu.